Chungu kilichogeuka giza: neno juu ya foto za kazi za mikono



Katika vitabu vya namna hii tumezoea kusoma juu ya ndoa, mazishi, ngoma na methali za wazee. Safari hii tunaomba nafasi kwa jambo linaloonekana dogo: namna tunavyopiga foto za vitu vilivyofanywa kwa mikono. Vyungu, vitunga, mikeka, viti vya wazee, vinyago. Siku hizi kila nyumba iko na telefoni ya kupiga foto, na kila sherehe ya utamaduni inamalizika na foto mamia. Swali letu ni moja tu: foto hizo zinatunza nini? Tutaanza na kosa letu sisi wenyewe, maana anayetaka kufagia kwa jirani aanze na mlango wake.

1. Mama Mgenya na chungu chake

Mwaka 2007, tulipokuwa bado walimu wapya hapa Kindu, shule tuliyofundisha ilifanya maonyesho ya kazi za mikono. Wazazi waliombwa kuleta vitu vya nyumbani. Mama mmoja mzee, Mgenya, alileta chungu cha maji. Wagenya ni watu wa mto Lualaba. Wanaume wao wanajulikana kwa mtumbwi na samaki, wanawake kwa ufinyanzi. Katika karne ya 19, wakati soko la Nyangwe lilipokuwa na nguvu, wanawake wa mto walikuwa wanaleta pale samaki na vyungu, wakibadilishana na watu wa bara. Kwa hiyo chungu kile hakikuwa chombo cha jikoni tu. Kilikuwa ukurasa wa historia yetu.

Mama alituelezea kazi yake kwa utaratibu. Udongo unachotwa ukingoni mwa mto, mahali anapopajua mwenyewe. Vigae vya vyungu vya zamani vinatwangwa na kuchanganywa na udongo mpya, ili chungu kisipasuke motoni. Udongo unasokotwa kama kamba, kamba inazungushwa juu ya kamba, bila gurudumu, mpaka tumbo linapanda na shingo inafunga. Ukuta unalainishwa kwa kipande cha kibuyu. Chungu kinakauka kivulini siku nyingi kabla ya kuchomwa. Shingoni alikuwa ameweka mistari mitatu ya maandiko: mmoja kwa kamba nyembamba iliyosokotwa na kuviringishwa juu ya udongo mbichi, mmoja kwa kijiti chenye meno, na wa tatu kwa ukucha wake. Mistari ile alifundishwa na mama yake.

Tulimwita mpiga foto wa mtaa. Alikuja saa kumi na mbili jioni, alipomaliza harusi. Tuliweka chungu juu ya meza, juu ya kitenge chenye maua, karibu na ukuta, kati ya vitu vingine kumi na viwili. Alisimama, akapiga flashi, tukalipa. Foto ilipotoka, tuliifurahia: rangi zote za kitenge ziling'aa. Tulipomwonyesha mama, aliigeuza huku na huku, akasema:

« Mwalimu, hii haiko chungu yangu. Yangu iko na maandiko kwa shingo. Hapa naona paka giza. »

Tulicheka. Tulidhani ni maneno ya mzee asiyezoea foto. Mama alifariki mwaka 2011. Mwaka 2014 mjukuu wake alikuja kwetu. Alikuwa ameanza kufinyanga, alijua udongo na moto, lakini maandiko ya shingo hakuyajua, na chungu chenyewe kilikuwa kimevunjika zamani. « Mwalimu, munionyeshe ile foto ya koko, nipate kuiga maandiko. » Tukaitoa. Tukaiangalia pamoja. Kitenge kilikuwa wazi, maua yote unaweza kuyahesabu. Chungu kilikuwa duara jeusi lenye doa moja jeupe la flashi katikati ya tumbo. Shingo haikuwa na kitu.

Mama alikuwa ameona vizuri kuliko sisi wenye diploma.

2. Foto za wageni

Hatukuwa wa kwanza kukosa. Wengine walikosa kwa namna nyingine, wakiwa na vyombo bora kuliko vyetu. Mwaka 1935 makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York ilifanya maonyesho makubwa ya sanaa ya Afrika, na baadhi ya vitu vilitoka Congo. Mpiga foto Walker Evans alipewa kazi ya kuvipiga. Alitoa foto 477, na makusanyo yake yakapelekwa katika makumbusho na katika vyuo vya Wamarekani weusi, ili hata wasiofika New York wapate kujifunza.

Tuseme ukweli: kwa macho, kazi ile ni nzuri sana. Evans hakupiga mwanga mmoja mkali kutoka mbele. Alizungusha taa wakati foto inapigwa, ili kivuli kisikae upande mmoja na kuficha kitu. Unaona alama za kisu juu ya mti. Unaona mahali palipochakaa kwa kushikwa na vizazi. Mpiga foto wetu wa mtaa angejifunza mengi pale, na sisi tuliomwita tungejifunza zaidi.

Lakini kuna upande wa pili. Kitu kinasimama peke yake, nyuma yake hakuna nyumba, hakuna mtu, hakuna mkono. Huwezi kujua kama ni kikubwa kama mtoto au kidogo kama kidole. Na aliyekichonga hana jina. Mwenye kukinunua anajulikana, aliyekifanya anaitwa jina la kabila lake lote, sawa vile kabila zima lilikaa chini ya mti likashika kisu kimoja. Namna hiyo ya foto ilienea katika vitabu vya sanaa, na mpaka leo wengi wetu tukisikia « foto nzuri ya kinyago » tunafikiri kitu kilichosimama peke yake mbele ya ukuta wa kijivu.

Tuchukue mfano wa karibu. Ndugu zetu Walega, wa Pangi hapa Maniema na wa Shabunda na Mwenga upande wa Kivu, wana kinyago kidogo cha mti kinachoitwa lukwakongo. Ni cha chama cha bwami. Katika kitabu unakiona kimepigwa uso kwa uso, kinajaza ukurasa, na mwanafunzi anafikiri ni kitu cha kufunika uso. Hapana. Wengi wao hawatoshi kufunika uso wa mtu mzima. Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti kwa Walega katika miaka ya 1950 na kutoa kitabu « Lega Culture » mwaka 1973, alionyesha kwamba katika sherehe kinyago hicho kinaweza kufungwa juu ya kichwa au kwenye mkono, kushikwa kwa ndevu zake za nyuzi, kuburutwa chini, au kutundikwa juu ya uzio pamoja na vingine. Kila mwendo uko na methali yake, na maana iko katika methali na mwendo, si katika mti peke yake. Basi foto iliyotoa ndevu, ikatoa uzio, ikatoa wenzake, imepiga nini? Imepiga mti.

3. Mkono unaojulikana

Mtu atasema: hayo ni ya wataalamu, sisi tunataka ukumbusho tu. Tunajibu kwa habari ya jirani zetu wa kusini, pale Waluba na Wahemba wanapokaa.

Zamani vitu vya mti kutoka kule vilikuwa vimetawanyika katika makumbusho ya Ulaya: viti vinavyobebwa na mwanamke, wanawake wanaoshika bakuli, sanamu za wazee. Mbelgiji Frans Olbrechts, katika miaka ya 1930, alivilinganisha kimoja kimoja. Akaona kwamba baadhi vina uso mrefu wa namna moja, mashavu yaliyoingia ndani, mikono mikubwa kupita kipimo. Akasema: hapa si kabila linalosema, hapa ni mkono wa fundi, au wa mafundi wa nyumba moja. Kwa kuwa jina lake halikuandikwa, akaitwa Fundi wa Buli, kwa jina la kijiji ambako vitu viwili vilitoka. Baadaye sana jina la mtu, Ngongo ya Chintu, lilitajwa kwa ajili ya kazi hizo. Wachunguzi hawajasikilizana wote kama ni mtu mmoja au zaidi.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza: mkono wa fundi unajulikana sawa vile mwandiko wa mwanafunzi unavyojulikana na mwalimu wake. Kila mwalimu aliyesahihisha madaftari hamsini usiku anaelewa tunalosema. Lakini ili mkono ujulikane, lazima uonekane: mashavu, vidole, alama ya kisu. Foto yenye giza inaua mwandiko. La pili: jina ambalo halikuandikwa siku ile linatafutwa kwa miaka mingi, na pengine halipatikani kabisa. Siku ile lingeandikwa kwa penseli nyuma ya foto, kwa dakika moja.

4. Makosa yetu ya kila siku

Tumeangalia foto nyingi: za maonyesho ya shule, za vyama vya akina mama, za kalenda, za mafundi wanaotuma kazi zao kwa telefoni wapate wanunuzi. Hatutaji mtu. Makosa ni yale yale.

Kosa la kwanza ni flashi. Flashi inatoka mbele, palepale lilipo jicho la aparei, na inafuta kila kivuli kidogo. Sasa, kazi ya mikono inaishi katika vivuli vidogo: mfumo wa kitunga, nyuzi za mkeka, maandiko ya chungu. Angalia nguo ya rafia ya Wakuba, ile wanaume wanafuma na wanawake wanadarizi mpaka inakuwa na manyoya laini. Ukiipiga kwa flashi unapata mchoro juu ya karatasi. Ukiipiga mwanga ukitoka ubavuni, manyoya yanasimama, na unaona kwamba mchoro uko na unene.

Kosa la pili ni kitenge. Tunapenda kutandika kitenge chini ya kitu kwa heshima, na nia ni njema. Lakini maua ya kitenge yanagombana na mistari ya kitunga, na katika ugomvi huo kitenge ndicho kinashinda. Shuka ya rangi moja, mkeka wa zamani usio na mapambo, hata udongo wa uwanja uliofagiwa, vinatosha.

Kosa la tatu ni mkubwa. Anafika mgeni wa heshima, anasimama katikati, wote wanajipanga, na vitu vinabaki chini ya miguu. Foto ile ni ya mkubwa, si ya kazi. Ipigwe, hatukatai, lakini isiitwe foto ya ufundi.

Kosa la nne ni kukaribia mno. Telefoni ikisogezwa karibu sana, kinywa cha kitunga kinavimba na kitako kinakuwa kidogo, sawa vile uso wa mtu anayechungulia katika kijiko. Mnunuzi akipokea kitunga anasema amedanganywa, na fundi ndiye anayepoteza bei na jina. Rudi nyuma hatua mbili au tatu, kisha ukuze kidogo.

Kosa la tano ni baya kuliko yote: kupaka. Kuna wanaopaka kiti cha zamani rangi ya viatu ili king'ae kwenye foto. Wengine wanaosha kinyago kwa sabuni. Ile rangi nzito juu ya mti wa zamani ni mafuta na mikono ya wazee wengi. Ukiiosha asubuhi moja, hakuna mtu atakayeirudisha.

5. Namna tunavyofanya sasa

Hatuna studio wala taa za bei. Tuna mlango na asubuhi. Weka kitu ndani ya nyumba, karibu na mlango au dirisha lililo wazi, mwanga uingie kutoka upande mmoja. Zima balbu, maana balbu ya manjano inageuza udongo mwekundu kuwa kahawia. Siku ya mawingu ni rafiki, hata nje unaweza kupiga. Jua la saa sita ni adui. Upande wenye giza, mwanafunzi ashike karatasi nyeupe ili mwanga urudi kidogo. Futa jicho la telefoni kwa kitambaa safi, kwa sababu limejaa mafuta ya vidole. Inama mpaka jicho liwe sawa na tumbo la chungu. Tumezoea kupiga vitu tukiwa tumesimama, sawa vile bwana anavyomwangalia mtumishi.

Kisha usipige foto moja. Piga nne. Ya kwanza, kitu kizima. Ya pili, sehemu yenye kazi nyingi, karibu: shingo, mshono, mkono wa kiti. Ya tatu, sehemu isiyotazamwa: kitako, ndani, nyuma, maana pale ndipo fundi anaonyesha alivyofunga na alivyoanza. Ya nne, kitu pamoja na mkono wa aliyekifanya. Mkono unatoa kipimo kuliko rula, na unasema kwamba kitu hiki kilitoka kwa mtu. Mwisho, andika: jina la fundi kama amekubali, mahali, mwaka, kilifanywa na nini, kinaitwaje kwa lugha ya nyumbani. Bila maneno hayo foto ni yatima.

Kuhusu kukubali tunasisitiza. Kuna mafundi wasiotaka mchoro wao uonekane kila mahali, kwa sababu wengine watauiga na kuuza kwa bei ya chini. Ni haki yao. Uliza mbele, na foto ikiuza kitu, fundi apate sehemu yake.

6. Visivyopigwa

Hapa tunajibu wenzetu wanaotuambia: pigeni yote kabla hayajapotea. Tunaelewa hofu yao. Bwami yenyewe ilipigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka 1948, na vitu vingi vya Congo vilikwenda Ulaya bila kurudi. Anayeogopa kupoteza anataka kupiga kila kitu.

Lakini kuna vitu ambavyo wenyewe wanavionyesha kwa hatua. Katika bwami mtu anaona kulingana na cheo alichofikia, na kuona ni sehemu ya kufundishwa. Ukipiga foto na kuisambaza kwa kila telefoni, hukukiokoa kitu. Umekitoa katika shule yake. Sisi walimu tungekasirika kama mtu angebandika sokoni majibu ya mtihani wa dola siku moja kabla. Basi kwa vitu hivyo wazee waamue, na wakisema hapana, aparei irudi mfukoni. Pengine watakubali foto ikae kwao tu. Hiyo nayo ni kutunza.

Kumbe hatusemi piga zaidi, wala hatusemi piga kidogo. Tunasema foto ya kazi ya mikono ipimwe kwa swali moja: mtoto wa fundi akiishika kesho, je, ataweza kujifunza kitu? Kama anaweza, ni nzuri, hata ikiwa imepigwa na telefoni ya bei ndogo. Kama hawezi, ni pambo, hata ikiwa katika kitabu cha bei.

7. Kigae

Tumalize mahali tulipoanzia. Yule mjukuu hakukata tamaa. Alirudi nyuma ya jiko la koko wake, akachimba kidogo pale walipozoea kutupa takataka, akapata kigae cha shingo, upana wa viganja viwili. Alituletea kimefungwa ndani ya gazeti. Tulikiweka mlangoni, asubuhi, juu ya shuka nyeupe, mwanga ukitoka kushoto. Tulipiga tukiwa tumepiga magoti. Safari hii maandiko yalitokea: mstari wa kamba iliyosokotwa, kila msokoto na kivuli chake, na chini yake mwanzo tu wa mstari wa kijiti, mahali kigae kilipokatika.

Amejifunza ule wa kamba. Anauweka juu ya kila chungu anachofanya. Mstari wa kijiti ameukisia, na anasema wazi kwamba ni kukisia. Mstari wa ukucha hakuna anayeujua tena, wala yeye wala sisi. Ulikuwa mbele ya macho yetu mwaka 2007, juu ya meza, na tuliupiga flashi.

Wenye vyungu, vitunga na viti vya wazee nyumbani, wapenzi wasomaji, fungueni mlango kesho asubuhi. Itoshe hapo.